Mdudu Chini ya Rangi

Kiinua mgongo kilitoka Jumanne.
Alhamisi Majura akaja na gari linalovutwa kwa kamba,
Datsun ya mwaka sabini na mbili, pua ndefu, makalio mafupi,
viti viwili.
Nikahesabu: mimi, yeye, watoto wanne, mjukuu.
Nikauliza, "Wengine tukae wapi, kwenye bomba la moshi?"
Akacheka kama mtu aliyeibiwa na hajajua.

Alilitoa Magu, kwenye ghala la kinu cha pamba,
kwa mjukuu wa Kantilal aliyekuwa akifunga hesabu za ukoo.
Kuku walikuwa wametaga kwenye buti.
Milioni nne na nusu, na kuku mmoja wa nyongeza.

Nyumba yetu iko Bugarika, juu, katikati ya majabali;
hata mkokoteni hufika umeshatubu.
Vijana kumi na mmoja wakalisukuma,
mjukuu wetu Shija nyuma yao, akitia jiwe chini ya tairi
kila walipovuta pumzi. Hatua, jiwe. Hatua, jiwe.
Nyanzobe akasema juu ya ukuta,
"Limepanda. Siku ya kushuka mniite."

Miezi minane uani hapakuanikwa nguo.
Kwenye kamba yangu zilining'inia gasketi.
Pistoni zililala ndani ya sufuria ya pilau,
kabureta kwenye beseni la kuogea, imeloweka mafuta ya taa.
Mwanamume aliyeishi miaka thelathini na moja
tumboni mwa meli ya Ukerewe, akisikiliza injini
kwa bisibisi iliyobanwa sikioni,
sasa alisikiliza chuma kisichosema kitu.
Usiku nilimsikia akikijibu.

Mimi ni fundi cherehani, Makoroboi, meza ya tatu toka kona.
Sikutaka. Nasema kweli, sikutaka.
Lakini viti viliporudi kutoka kwa mshonaji wa Nyakato
nikaona mshono unavyokwenda, kama njia ya mlevi,
nikafumua wote.
Ndani ya sponji zikatoka mbegu za pamba, kiganja kizima.
Nikazifukia kwenye kopo. Mbili zikaota.

Basi nikanunua ngozi bandia nyeusi, mita sita,
uzi wa viatu, sindano namba kumi na nane,
nikashona kiti chake.
Changu nikakiacha wiki mbili, aone.

Siku ya rangi ilikuwa Jumapili, upepo umelala.
Majura kafunga leso puani,
kompresa ya kuazima inakohoa, nyekundu inang'aa mbichi.
Saa kumi na moja jioni nikatazama ziwani:
moshi umesimama juu ya maji,
nguzo tatu nyeusi, zinatembea.
"Majura, wadudu."
"Nimalizie mlango."
"Majura!"
Tukakimbilia turubai, tukakimbilia shuka zangu za harusi;
wakatufikia kabla hatujafunika upande wa pili,
visubi, laki kwa laki, laini kama pumba,
wakatua, wakazama.
Boneti ikaota ndevu.

Hakusema kitu. Alikaa juu ya jiwe la Shija
hadi taa za Kirumba zikawaka.
Nikamletea chai. Ikapoa.
Asubuhi nikamkuta na msasa, namba mia nne,
anaanza upya kwenye taa ya kushoto.
Nikachana kipande, nikaanza ya kulia.

Yuko mmoja aliyetuponyoka kwenye rangi ya pili,
karibu na kioo cha upande wangu,
mbawa wazi chini ya wekundu.
Wageni humkwangua kwa kucha. Hatoki.

Jana liliwaka. Jaribio la tisa, moshi wa buluu,
kisha mngurumo, nikadhani jabali limecheka.
Hatujashuka. Breki zinasubiri spea,
Nyanzobe anasubiri kuitwa.
Tulikaa tu, viti viwili, tukitazama ukuta wa choo
kana kwamba ni barabara ya Musoma.
Akaingiza gia, akaitoa.
Shija akachungulia dirishani.
"Babu, mnakwenda wapi?"
Majura akanigeukia mimi.
Nikasema, "Magu. Tunarudisha kuku."